Shangazi, mwanangu hulia kama kijibwa na baba yake anasema anajifanya

Hujambo Shangazi? Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta, kwa hivyo ukiona imerukaruka unisamehe.

Naishi Umoja na mume wangu na watoto watatu. Mimi nauza mitumba Gikomba, yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi. Anayeninyima usingizi ni huyu wa pili, tumwite Baraka. Ana miaka 11, yuko Gredi ya Sita.

Akiwa na miaka 6 alianza kupepesa macho, nikasema ni vumbi. Akapewa dawa ya matone, yakatulia. Halafu akawa anarusha bega la kushoto, kama mtu anayepandisha mkoba unaoteleza. Nalo likaisha. Mwaka jana ikawa ni koo: "hm, hm, hm," mchana kutwa. Dawa za kikohozi nimenunua sijui chupa ngapi. Antibiotiki mara tatu. Dawa ya minyoo. Kliniki moja ya mtaani wakasema ni nyama za pua, nyingine wakampiga eksirei ya kifua wakasema mapafu ni safi. Cha ajabu, akilala hakohoi hata mara moja.

Januari sauti iligeuka. Sasa ni "wip!", kali, kama kijibwa kilichokanyagwa mkia. Siku nyingine mara tano kwa dakika, siku nyingine naisikia mara mbili tu tangu asubuhi. Jirani hugonga ukuta kila jioni.

Juzi tulikuwa kwenye matatu tukitoka mjini. Alikuwa amekaa dirishani, ametulia. Kufika Jogoo Road ikaanza. Makanga akageuka: "Mathe, hapa hatubebi mbwa." Gari zima likacheka. Baraka akavuta kola ya sweta hadi puani, akaiuma kwa meno. Nilimwona shingo ikilowa jasho. Tulishuka Mutindwa kabla ya kwetu, tukatembea. Hakusema neno hadi mlangoni, na hapo ndipo alipoachilia mfululizo, kumi, kumi na tano, amejishika kwenye grili.

Kanisani walimwombea usiku tatu. Kadiri walivyopaza sauti ndivyo naye alivyozidi, mzee mmoja akasema, "Mnaona, linatoka!" Sasa hataki kabisa kurudi, na kwaya ya watoto aliyokuwa akiimba wamempa mwingine nafasi yake. Shuleni mwalimu mmoja humtoa nje kila sauti ikitoka, na mwingine alimchapa.

Baba yake anasema anajifanya. Hoja yake ni kwamba tulipomzika babu mwezi wa tatu, Baraka alikaa saa mbili nzima bila sauti. Ni kweli, Shangazi, na hata mimi hapo huchanganyikiwa. Alinyamaza vizuri kabisa, kisha tulipoingia kwenye gari la kurudi ikawa kama alikuwa ameziweka akiba. Tena akiwa golini uwanjani, maana yeye ni golikipa, hutasikia kitu. Kwa hivyo baba yake humzaba makofi akisema amjue nani ni mkubwa. Yeye mwenyewe akihesabu pesa jioni huvuta pua na kukunja shavu hivi hivi bila kujijua, hata mama yake humtania tangu utotoni, lakini hayo ni mazoea tu.

Jirani mwingine alitafuta kwenye simu akaniambia huo ni ugonjwa wa kutukana, kwamba siku moja ataanza kutukana wazee barabarani. Ni kweli? Ni pepo? Anajifanya? Na mtihani wa mwisho wa mwaka ataufanyaje katikati ya wenzake?

Mama Baraka, Umoja

* * *

Mama Baraka mwenzangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye mstari mmoja ambao wewe uliupita mbio. Nitaurudia baadaye.

Nianze na mazishi, kwa kuwa hapo ndipo nyumba yenu imegawanyika. Baba Baraka anasema aliyeweza kunyamaza saa mbili anaweza kunyamaza siku zote. Inasikika kama hoja ya mtu mwenye akili, na ndiyo maana imeponza watoto wengi. Sasa fanya hivi leo jioni baba Baraka akishakula. Mwambie aketi mkabala nawe, akukazie macho, asipepese, wewe uhesabu hadi sitini. Mwanzoni atatabasamu. Kwenye thelathini tabasamu litakwisha. Kwenye arobaini macho yatawaka, yataanza kulengalenga, na hatawaza kitu kingine chochote duniani isipokuwa kope zake. Akishindwa, atapepesa mara nne tano harakaharaka kulipa deni. Muulize: hapo ulikuwa unajifanya?

Baraka huishi hivyo kutwa. Alizuia kwenye mazishi kwa heshima ya babu yake, na ile ya garini ndiyo ilikuwa deni. Mlangoni kwenu pia, ameshika grili, alikuwa akilipa la matatu. Na mtoto anayeng'ang'ana kuzuia hawezi wakati uleule kusikiliza hesabu za mwalimu, kwa sababu akili yote iko kooni.

Madaktari huita vitu hivi tiki. Si ile tiki nyekundu ya mwalimu kwenye daftari, ni jina tu limefanana. Tiki ni mwondoko au sauti ya ghafla, fupi, inayojirudia, ambayo mtu hakuipanga. Kupepesa, kurusha bega, kukunja pua: hizo ni za mwili. Kusafisha koo, kuguna, kuvuta pua, kubweka, kurudia neno: hizo ni za sauti. Huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, huja kwa wiki kadhaa zikapoa, zikarudi na sura mpya. Huzidi mtoto akiwa na wasiwasi, uchovu au furaha nyingi, hupungua akizama kwenye kazi anayoipenda, na usingizini hupungua kabisa au hutoweka. Soma tena barua yako mwenyewe: macho, bega, koo, kijibwa, golini kimya, kitandani kimya. Zile chupa za dawa ya kikohozi zilikuwa zinatafuta kikohozi ambacho hakikuwepo. Kikohozi cha kifua kwa kawaida hakinyamazi kabisa kila mgonjwa akilala.

Kuna swali ambalo sidhani mtu yeyote amemuuliza Baraka. Usimuulize kwa nini anafanya hivyo, hilo hana jibu lake. Subiri mkiwa wawili, mnachambua mboga au mnakunja nguo, umuulize: kabla haijatoka, unasikia nini, na wapi? Watoto wengi wa umri wake huweza kueleza. Watakuambia kuna kitu kinawasha, au kinabana, au kinajaa kama chafya iliyofika puani, na sauti ikishatoka wanapata nafuu ya dakika chache. Kwa hiyo si sawa kabisa na mshtuko wa umeme, maana kuna kinachotangulia. Wala si hiari. Ni kama kujikuna upele: mkono ni wako, lakini mwasho hukuuita.

Mimi sijamwona mtoto, na jina la ugonjwa hutolewa na daktari aliyemgusa. Ila ulichoandika kinafuata njia inayojulikana. Mwaka 1885 daktari kijana wa Ufaransa aliyeitwa Georges Gilles de la Tourette, aliyefanya kazi hospitali ya Salpêtrière kule Paris, aliandika habari za wagonjwa 9 waliokuwa na miondoko na sauti za namna hii. Mkuu wake, Charcot, akaipa hali hiyo jina la kijana wake, na hadi leo inaitwa Tourette. Ili daktari aitaje, hutafuta tiki mbili au zaidi za mwili na angalau moja ya sauti, si lazima zije pamoja, ziwe zimeanza kabla ya miaka 18 na zimedumu zaidi ya mwaka mmoja. Basi. Hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha, wala picha ya kichwa. Mtu akikuambia lazima ulipie picha ya ubongo ndipo ajue kama ni Tourette, muulize kwa upole anatafuta nini kingine.

Chanzo chake kiko ndani ya ubongo, kwenye njia zinazounganisha sehemu ya mbele inayopanga miondoko na sehemu za kina zinazochuja upi upite na upi uzuiwe. Kemikali iitwayo dopamini ina mkono katika kazi hiyo. Kichujio kikilegea, mwondoko mdogo ambao kwangu na kwako ungezimwa kabla hatujaujua, kwake hupita. Makofi hayafiki huko. Yakifika kokote yanaongeza wasiwasi, na wasiwasi huongeza tiki. Ndicho kilichotokea usiku ule tatu kanisani: mtoto amezungukwa na watu wazima wanaopaza sauti, mikono kichwani, macho yote kwake. Hata mimi ningebweka. Mwombeeni, hakuna anayekataza, lakini aombewe akiwa amekaa kama watoto wengine, na asifungishwe chakula wala kukeshwa. Kukosa usingizi kutamzidishia.

Sasa ule mstari. Uliandika kwamba baba Baraka akihesabu pesa huvuta pua na kukunja shavu bila kujijua, na kwamba mama yake humtania tangu utotoni. Ukaita mazoea. Mama Baraka, hali hii hutembea kwenye damu ya ukoo. Mara nyingi ukimchunguza mtoto vizuri unamkuta mzazi, mjomba au shangazi aliyekuwa na kitu kidogo kama hicho, akakua nacho, watu wakakizoea. Sisemi mumeo ana Tourette. Nasema daktari atakuuliza swali hilo, na itafaa mumeo awepo alijibu. Usimwambie hivi mbele ya watu wala siku ya hasira, na usilitumie kama rungu la kushinda ugomvi. Mama mkwe ndiye wa kwenda kwake kwanza. Muulize tu mwanawe alikuwaje akiwa darasa la tano, umwache asimulie.

Kuhusu matusi, jirani yako amesoma ukurasa wa juu tu. Ni kweli wapo wanaotoka na matusi au maneno ya aibu bila kutaka. Mwaka 1825 daktari mwingine wa Ufaransa, Itard, alieleza habari za mwanamke wa tabaka la juu kabisa aliyekuwa na hali hiyo, na kwa kuwa kisa kilikuwa cha kuchekesha watu, ndicho kilichobaki midomoni hadi leo. Lakini wenye tiki ya matusi ni wachache, kama mmoja katika kila kumi wenye Tourette. Tisa waliobaki hawatukani mtu. Hata ikimtokea, litakuwa neno lililoponyoka kama "wip" inavyoponyoka, halina nia ndani yake. Mwambie jirani aache kumwandalia mtoto ugonjwa ambao hana.

Utanipa swali la kama itaisha. Kwa kawaida tiki huanza kati ya miaka 5 na 7, hupanda, na kilele huwa kati ya 10 na 12. Baada ya hapo, kwa wengi hupungua sana kufikia mwisho wa ujana, ingawa wapo wanaobaki nazo ukubwani. Baraka ana 11. Mnapitia pahali pabaya zaidi pa safari. Hukadiriwa kwamba hali hii huwapata hadi mtoto 1 kati ya 100 wa umri wa shule, wavulana mara tatu au nne zaidi ya wasichana, kwa hivyo shule yenu ikiwa na watoto elfu moja, sidhani kama Baraka yuko peke yake. Wengine wanapepesa tu, hakuna anayewaona.

Hospitali usiache kwenda. Mama Lucy Kibaki iko karibu nawe, omba kliniki ya watoto, na wakiona haja watakuandikia rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto katika Hospitali ya Kenyatta. Angalia kwanza kama Baraka ameandikishwa chini yako kwenye SHA, ile bima ya afya ya serikali. Na usiende mikono mitupu: tiki zina tabia ya kujificha mbele ya daktari, mtoto anakaa pale kama malaika na wewe unaonekana mwongo. Chukua video mbili tatu za dakika moja moja kwa simu, akiwa anatazama runinga au anafanya kazi ya shule. Mwombe ruhusa kwanza, ana miaka 11, ana aibu yake. Zikishaonekana na daktari zifute, zisiingie kwenye kikundi chochote cha WhatsApp, hata cha familia. Hasa cha familia.

Daktari atataka kuondoa mambo mengine: pumu, mzio, na kifafa. Kuna dalili ambazo zikitokea usingoje zamu ya kliniki: akikodoa macho ukimwita hasikii, akianguka, akipoteza maneno au nguvu za mkono, akibanwa na pumzi, au miondoko mipya isiyotulia ikaanza wiki chache baada ya homa ya koo. Atakuuliza pia kuhusu utulivu na umakini wake darasani, na kama kuna vitu lazima avifanye hivi na hivi, kuosha mikono tena na tena au kugusa mlango mara kadhaa. Hayo hufuatana sana na Tourette, na mara nyingi ndiyo humtesa mtoto kuliko sauti yenyewe.

Tiba inayotangulizwa ni mazoezi. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walichapisha njia ya kumfundisha mtu autambue mwasho unapoanza, kisha afanye kitendo kingine kisichoweza kwenda pamoja na tiki hadi mwasho upoe. Kwa tiki ya sauti, kitendo hicho mara nyingi ni kufunga mdomo na kuvuta pumzi polepole kwa pua, na kuitoa polepole. Ni tofauti na kukaza koo na kuuma kola ya sweta. Hufundishwa kwa wiki kadhaa na mtu aliyesomea, kwa hivyo uliza kama hospitali ina mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba ya kazi anayeijua. Wewe kazi yako nyumbani ni kutomkumbusha. Hakuna "Baraka, umeanza tena." Hakuna "shhh." Sauti ikitoka, endelea kumenya viazi.

Dawa zipo kwa tiki zinazoumiza au zinazozuia masomo. Klonidini, ambayo asili yake ni dawa ya presha, husaidia baadhi ya watoto; huleta usingizi, na haikatizwi ghafla kwa sababu presha inaweza kuruka. Nyingine kama risperidoni na aripiprazoli zina nguvu zaidi na zinaweza kuongeza uzito. Hizi huanzishwa na daktari kwa kiwango kidogo. Mwenye duka la dawa akikuuzia bila cheti, rudi Gikomba na pesa zako.

Shuleni nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, tena uende na barua ya daktari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa mwili au kwa kumdhalilisha, awe na tiki au asiwe nayo, kwa hivyo kiboko hakina la kujitetea. Ila usianze na sheria, anza na maelezo. Mwalimu asiyejua husikia kiburi. Omba Baraka akae pembeni karibu na mlango, aruhusiwe kutoka dakika mbili akizidiwa bila kunyoosha mkono kuomba, na atoke kwa hiari yake, asitolewe. Wenzake waelezwe mara moja, kwa maneno mawili, akitaka yeye. Kuhusu mtihani, zungumza na mwalimu mkuu muhula huu huu kuhusu kufanyia kwenye chumba cha peke yake. Maombi ya mahitaji maalum hupitia shuleni na yanataka karatasi za daktari mapema, si wiki ya mtihani. Kituo cha EARC cha kaunti ndogo yenu, kile kinachotathmini watoto wenye mahitaji maalum, kitawasaidia na barua hiyo.

Mwambie golikipa wako hivi. Tim Howard, golikipa wa zamani wa Marekani, ana Tourette tangu utotoni. Alidakia Manchester United, kisha Everton hadi 2016, na kwenye Kombe la Dunia la 2014 aliwakatalia Wabelgiji mpira baada ya mpira hadi watu wakasahau kwamba Marekani ilifungwa 2-1. Alikuwa ameshahama Everton walipokuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, la sivyo tungemwona kwa macho. Kama baba Baraka ni mtu wa mpira, na fundi gani wa Kariobangi si mtu wa mpira, hiyo mechi ya Ubelgiji iko kwenye intaneti. Waitazame wawili, wewe uende zako saluni.

Kwaya ndiyo sitaki uiache ipotee. Watoto wengi wenye tiki hutulia wakiimba, kwa sababu pumzi na koo vina kazi. Nenda kwa mwalimu wa kwaya, si kwa mchungaji, umwombe Baraka aje siku ya mazoezi tu, asimame safu ya nyuma. Akibweka katikati ya wimbo, waendelee na ubeti. Kisha uniandikie mama mkwe alisema nini.